Umbo la Sauti ya Mama

Mimi ni mwalimu wa kwaya, na kwa sababu nyimbo ninaziandika kwa kompyuta, watu wa Bugarama wananiona mjuaji. Laiti wangeniona ninavyotoka jasho! Ile programu ya kuandikia muziki ina kiburi. Noti ikigoma kukaa kwenye mstari wake, naitukana mpaka majirani wanauliza nagombana na nani.

Mama alipofariki, baba alikataa kuondoa matanga. Kwetu matanga yakiondolewa watu hunyoa nywele, hunywa pombe ya ndizi, wafiwa hurudi shambani na marehemu huachwa apumzike. Baba akasema bado. Miezi ikapita. Halimi, haendi kanisani, chakula anakigusa tu. Anashinda mlangoni ametega sikio. Nilivumilia, halafu nikachoka, nikamwambia, "Baba, unatumaliza. Mama harudi."

Akanijibu kwa Kihangaza chake cha polepole, wala hakukasirika. "Sura yake ninayo, ipo ukutani. Sauti ndiyo imenitoka. Natafuta, siipati. Nitamuaga vipi mtu ambaye sauti yake siikumbuki? Wewe si unaandika sauti? Niandikie."

Jamani, rekodi ningeitoa wapi? Simu yangu yenye nyimbo za kwaya iliibiwa stendi ya Ngara, na kwenye simu za ndugu zangu mama hayumo hata kidogo. Tulikuwa naye, nani angefikiria kumrekodi?

Sauti yenyewe niliikumbuka vizuri. Mama ndiye aliyekuwa akianzisha nyimbo kanisani, na kati ya ubeti na kiitikio alikuwa na mlio wake. Ulianza juu, ukateleza, ukajikwaa katikati, ukamalizikia chini. Ningeweza kuuiga, lakini shangazi, dada mkubwa wa baba, alinikataza mapema.

"Matanga bado," alisema. "Ukiiga sauti ya marehemu sasa hivi, unamwita. Akija, utamkalisha wapi?"

"Na nikiichora, shangazi?"

Alifikiri kwanza. "Kuchora si kuita. Karatasi haina koo."

Basi nikaanza, nikachukua wimbo mmoja aliokuwa akiuanzisha. Noti za kawaida hazikufaa kitu. Programu ina alama zake za kuteleza na za kutetemesha sauti, lakini hakuna hata moja iliyokuwa mama. Ina sehemu nyingine ambapo unachora umbo lako mwenyewe: unapanda vitone, unavuta mstari kutoka kitone hadi kitone, unalihifadhi, kisha unalifunga juu ya noti. Umbo hilo ni la macho tu. Ukiiambia kompyuta iuchezeshe wimbo, inapiga noti zilizoandikwa na kulipita umbo lako kana kwamba halipo. Hilo lilinituliza. Nilijua kwamba simwiti mtu.

Nilichora mchana, sebuleni, ukungu ukipanda kutoka bondeni mpaka dirishani. Nausikia mlio kichwani, navuta kitone, nafuta, navuta tena. Mara ya kwanza lilitoka kama nyoka aliyekanyagwa na bodaboda. Mwishowe likaja lenyewe, na mkia wake nikaushusha chini, kama mama alivyoshusha. Nikahifadhi, nikazima.

Kesho yake nikafungua. Mkia ulikuwa umepanda.

"Nani kagusa kompyuta yangu?" nikafoka. Baba alikuwa peke yake nyumbani, na baba hajui hata pa kuiwashia. Nikajiambia, ah, mausi hii mbovu, nimevuta bila kujua. Nikaushusha, nikahifadhi, nikahakikisha. Nilipofungua tena, mkia ulikuwa juu. Sikuugusa tena. Nikaenda kuprinti mjini vilevile ulivyokuwa.

Ikabaki kupata mwimbaji. Shangazi alitaka mtu ambaye hakumsikia mama hata siku moja, maana mtu huyo hawezi kuiga, atasoma tu. Alikuwepo mmoja: nesi aliyetoka Biharamulo, mgeni kwenye zahanati yetu, na noti anazisoma kama gazeti. Alikuja Jumapili baada ya misa.

"Shikamoo baba."

"Marahaba, mwanangu. Karibu."

Akakaa, akaitazama karatasi. "Mwalimu, na hili dude nilifanyeje?"

"Lifuate kwa macho. Sauti itafuata macho."

Aliimba ubeti kwa sauti yake nyembamba, safi, ya shuleni. Akafika kwenye umbo, na sauti iliyotoka haikuwa yake. Iliteleza, ikajikwaa palepale, ikapanda mwishoni, halafu ikavuta pumzi fupi yenye mkwaruzo. Ile pumzi! Mama alikuwa na pumu. Sikuwa nimeichora, wala sikuwa nimeikumbuka.

"Yesu na Maria," shangazi akasema, rozari ikamdondoka.

Nesi alijishika koo. Macho yalikuwa yamemtoka. Akaomba maji, akanywa, akaigeuza karatasi na kuangalia nyuma yake. "Mwalimu, hiyo pumzi umeiandika wapi?"

Nilikuwa naogopa, na nilikuwa namtazama baba. Alikuwa analia bila kujificha.

"Umekosea, mwalimu wa kwaya," akaniambia. "Kanisani alikuwa anashusha. Huu wa kupandisha hakuuimba popote. Ndivyo alivyokuwa akiniita mimi nikiwa shambani."

Akasimama. Akaligeukia shamba la migomba, akaitikia kwa sauti kubwa ambayo sikujua kama bado anayo, "Nimekusikia! Tangulia!"

Tulisubiri, sijui tulisubiri nini. Migomba ilitikisika upande mmoja tu, na siku hiyo hapakuwa na upepo. Baba akarudi kukaa, akajifuta uso, akamwambia shangazi awaite ndugu.

Matanga tuliyaondoa. Watu walinyoa, wakanywa, wakacheka, na baba alikula mbele yetu mpaka akaongeza. Nilifurahi, sikatai. Kulipokucha nilikuta ameshachukua jembe.

Aliporudi kutoka shambani nilikuwa kwenye kompyuta, naandaa nyimbo za kwaya. Alivuta kigoda akakaa mbele yangu, kichwa kimenyolewa kinang'aa.

"Haya, sasa chora na yangu," akasema.

Nikacheka kidogo. "Baba nawe! Si upo? Si tunakusikia kila siku?"

"Hata mama yenu mlikuwa mkimsikia kila siku," akasema. Akakohoa kusafisha koo, akaniangalia machoni, akaanza kuniita jina langu.