Bomba la Chumba cha Wafula

Juzi fundi alikuja kwangu Kitale kupima mahali pa tangi la samaki. Akauliza lile tangi dogo la kuchujia maji likae wapi. Kabla sijamjibu, harufu ya nyumba yetu ya Kamukuywa ilinijia: gundi ya bomba na vumbi la ukuta uliotobolewa.

Nilikuwa bado mtoto alasiri ile Baba alipotoboa ukuta wa sebule, nyuma ya tangi letu la samaki, akapitisha bomba hadi chumba cha kaka yangu Wafula, ambaye tulikuwa tumemzika wakati wa palizi. Tangi la kuchujia aliliweka pale pale kitanda kilipokuwa. Maji yalipoanza kushuka, bomba likagugumia kama mtu aliyetoka shambani na kiu.

“Mama, Wafula anakunywa,” nikasema.

Baba hakunitazama. “Ni hewa tu imeingia kwa bomba. Nitairekebisha inyamaze.”

“Wachana nayo, Baba Wafula,” Mama akamwambia. “Si iongee tu.”

Tangu hapo, kila maji yalipopungua, Mama aliyaongeza kwa kikombe cha Wafula, kile cha plastiki chenye alama za meno. Mimi niliamini ni Wafula aliyekuwa akiyamaliza. Siku hizi najua maji ya tangi hukauka yenyewe, polepole.

“Nikuwekee bomba ya kunyamaza?” fundi aliuliza. “Hizi zingine hupiga kelele usiku, bana.”

“Hapana, wacha iongee,” nikamwambia, nikaenda jikoni kutafuta kikombe.