Mfuniko Ukilia Mara Tatu

Nianze na king'ora cha mgodi, ingawa habari yenyewe ni ya paka. Nilipokuwa kijana nilifanya kazi kule Kilembe, kwenye shaba, na Kiswahili hiki ninachoandika nilikiokota huko huko, kwa watu wa kila kabila waliokuwa wakitukanana kwacho. Shule niliiacha darasa la tatu, na mwalimu hakulia. Basi, saa ya kula ikifika king'ora kilipiga kelele na sisi sote tukatoka mbio na sahani zetu za bati. Kilikuwa kinaita tumbo lolote, hakikumjua mtu. Mgodi ulipofungwa nikarudi kwenye shamba langu, nje kidogo ya mji wa Kasese, kahawa kidogo na mihogo, na mke wangu akaanza kuniita kwa mfuniko.

Anasimama mlangoni mwa jiko, anashika mfuniko wa sufuria, anaugonga kwa mwiko mara tatu: ka, ka, ka. Mimi niko chini karibu na kijito. Nikisikia naacha jembe, nanawa miguu, napanda. Zaidi ya miaka thelathini hakuna mwingine aliyeitwa hivyo. Watoto wetu, kabla hawajaoa na kuolewa, aliwaita kwa mdomo. Wageni aliwaita kwa mdomo. Hata padre alipokuja aliitwa kwa mdomo. Mfuniko ulikuwa wangu.

Sasa paka. Mwaka uliofuata ule ambao mto ulifurika, panya walihamia kwetu wakatoboa magunia ya kahawa. Shemeji yangu, dada wa mke wangu, anakaa Bwera, pale mpakani, na Kiswahili chake ni cha upande wa pili kwa sababu wateja wake wengi wanatoka Congo. Akaja na pikipiki ya boda, kikapu mapajani, ndani ya kikapu paka.

"Shemeji, chukua huyu. Panya yote itakimbia mupaka ng'ambo."

"Mbona tumbo lake kubwa hivi?"

"Eh, shemeji! Iko na shiba tu."

Shiba ile ilizaliwa wiki mbili baadaye, ikawa wanne.

Walipokuwa bado wamefumba macho sikuwa na neno nao. Lakini paka mdogo akianza kula chakula cha watu, ana akili ya kutisha. Mchana mmoja nilisikia ka, ka, ka, nikaacha jembe, nikapanda, na nilipofika kwenye migomba nikaona mbele yangu mikia minne imesimama wima, inakimbia kuelekea jikoni. Walikuwa wameshajua mlio ule maana yake ni nini. Walinishinda mbio. Na mke wangu alikuwa ameinama mlangoni, anacheka, anasema, "Haya, haya, wanangu, polepole."

Wanangu! Mimi nimesimama pale na tope miguuni, hakuinua kichwa.

Kula kukawa vita. Mweusi alipanda suruali yangu kama mtu anayepanda mnazi, kucha zote nje. Mwenye sikio jeupe aliruka juu ya bundu, ule ugali wetu wa mihogo, ukiwa bado wa moto, akaruka tena kwa kuungua, akatua kwenye mchuzi. Wengine wawili walikuwa wananguruma juu ya kipande kimoja cha samaki, viumbe wadogo kuliko kiatu changu. Nikiwasukuma wanafikiri ni mchezo. Mke wangu anasema, "Waache, ni watoto."

Nitasema wazi kwa sababu nimezeeka na sina wa kumficha: chakula hakikuniuma. Niliwaonea wivu. Mtu mzima, mjukuu wangu wa kwanza ana ndevu, namwonea wivu kiumbe anayelamba mkia wake.

Kilichonimaliza ni kichwa cha samaki. Nyumbani kwetu kichwa cha samaki ni cha mwenye nyumba, tangu baba yangu, tangu baba yake. Siku hiyo nikatafuta kwenye bakuli, nikapata mkia.

"Mama, kichwa kiko wapi?"

"Nimempa mama yao. Ananyonyesha."

"Na mimi je?"

"Kwani wewe unanyonyesha?"

Nikala mkia.

Nilijaribu njia zangu. Niliwapiga kwa kofia, wakaipenda kofia. Niliwafungia stoo ya kahawa wakati wa kula, wakalia mpaka jirani mmoja akaja kuuliza nani amefariki. Niliwawekea sahani yao moja, wakapigana ndani yake, halafu aliyeshindwa akaja kwenye yangu.

Ndipo shemeji yule wa Bwera akaugua mgongo, na mke wangu akaenda kumwuguza wiki tatu. Aliponiaga alinipa maagizo marefu kuhusu paka. Kuhusu mimi alisema mihogo iko kwenye gunia.

Nikawaza. Hawa wanakuja kwa sababu ya mfuniko. Nikiwafundisha mwito mwingine, mfuniko utarudi kwa mwenyewe. Hilo tu ndilo nililotaka. Nikaenda kwa jirani yangu wa upande wa juu, mwanajeshi mstaafu kutoka kaskazini, aliyekaa kambini hapa miaka mingi, alipostaafu akapanga nyumba na kubaki. Sote tunamwita afande. Alikuja, akawatazama paka wakinipanda, akatikisa kichwa.

"Mzee, hawa ni kuruti. Kuruti akiruka, chakula hakuna. Lete sahani."

Alitaka sahani nne ndogo, akazipanga mbalimbali, hatua nzima kati ya moja na nyingine. Akashika bakuli la mukene waliochemshwa, wale samaki wadogo, akasimama wima kama anakagua gwaride.

"Laini! Mstari mmoja! Wewe mweusi, rudi nyuma! Nani anasukuma?"

Wakaruka. Akainua bakuli mpaka kifuani. Wakakaa kidogo, akalishusha. Mmoja akaruka, likapanda tena. Hivyo hivyo, lipande, lishuke, mpaka wote wanne wakachoka na kukaa chini wakimtazama. Hapo ndipo akaweka samaki kwenye sahani, taratibu, bila haraka. Na mimi, kwa heshima tu, nikasema, "Asante, afande."

Akaniambia pia niwape kidogo kidogo mara nne kwa siku, wasifike mezani na njaa ya kichaa. Nikafuata kila kitu. Asubuhi, mchana, alasiri, jioni, bakuli kifuani, laini, kaa chini, na wakishakaa nasema, "Asante, afande," naweka chakula. Alikuja siku tatu tu, lakini neno lile niliendelea nalo hata nikiwa peke yangu. Nilidhani ni sehemu ya dawa. Mtu wa darasa la tatu hapunguzi dawa.

Mke wangu akarudi siku ya soko. Mchana nikashuka shambani makusudi, nikakaa karibu na kijito bila kulima, nasikiliza. Ka, ka, ka. Nikapanda mbio kama kijana. Kwenye migomba hakuna mkia. Jikoni paka wote wanne wamelala kivulini, hata sikio halijatikisika. Niliingia peke yangu, nimeinua kidevu.

"Umewafanya nini watoto?" akaniuliza. Mfuniko alikuwa bado ameushika.

"Nimewafundisha adabu."

Akaurudisha mfuniko kwenye sufuria. Nilidhani amefurahi, kumbe uso ule haukuwa wa furaha, ila nilikuwa natafuta kichwa cha samaki, sikuuangalia vizuri.

Basi afande akapita nje ya uzio na dumu lake la maji. Mke wangu, mtu wa adabu, akaita: "Karibu chakula, afande!"

Ndugu yangu. Wale waliolala waliamka kama wamemwagiwa maji. Wanne kwa pamoja walipita chini ya uzio, mmoja akapanda mguu wa kulia wa afande, mmoja wa kushoto, mweusi akafika begani. Afande akaangusha dumu, anapiga kelele, "Laini! Laini! Mzee, kuruti wako wameasi!" Mke wangu alicheka mpaka akakaa chini, kanga mdomoni, machozi yanatoka. Sijawahi kumchekesha hivyo, hata zamani nilipokuwa na meno.

Sasa nikawa na wivu wa pili. Kila siku aliita, "Afande!" bila sababu yoyote, ili aone tu. Na yule mtu wa kaskazini akaanza kupita mara nyingi kuliko maji yanavyohitajika.

Wiki chache baadaye shemeji akapona, akaja akachukua watatu kwa ajili ya duka lake. "Kule beko na kazi mingi," akasema, yaani kazi nyingi inawangoja huko, akawaweka kikapuni, wakaenda Bwera. Tukabaki na mweusi na mama yake. Nikajiambia, sasa imekwisha, nyumba ni yangu.

Kesho yake niko kijitoni, jua limefika utosini, mfuniko kimya. Nikangoja. Halafu nikasikia sauti kutoka juu: "Wewe! Chakula!"

Kwa mdomo. Kama mgeni. Kama padre.

Siku ya pili hivyo hivyo, na ya tatu. Nilikula bila kuuliza. Ya nne nikauliza.

"Mfuniko umefanya nini?"

"Tangu nirudi kutoka Bwera nagonga, hakuna aliyekuja mbio. Nimechoka."

"Mimi nilikuja mbio."

"Wewe ulikuja kuwaangalia paka kama wamelala."

Alikuwa na haki, ndiyo maana nilikasirika.

Siku ya tano sikushuka shambani. Yeye alikuwa nyuma ya nyumba anageuza kahawa kwenye mkeka. Nikasonga bundu mwenyewe, likatoka na madonge, nikapasha samaki. Nikasimama mlangoni mwa jiko, nikachukua mfuniko, nikagonga kwa mwiko mara tatu. Mkono haukujua, mlio ulitoka mbaya. Mweusi alinitazama, akafumba macho.

"Nani anagonga?" akauliza kutoka nyuma.

"Mimi."

"Unamwita paka? Si umemfundisha asisikie."

"Simwiti paka. Njoo ule."

Alichukua muda. Alikuja polepole anafuta mikono kwenye kanga, akakaa, akaminya bundu langu, akakuta donge, akalila. Kisha akachukua kichwa cha samaki kutoka kwenye bakuli, na mimi nikasogeza sahani yangu. Akakivunja katikati. Nusu akaniwekea mimi. Nusu akaishika juu, mweusi akaja, akakaa chini vizuri kabisa akimtazama.

"Asante, afande," mke wangu akasema, akamwekea.

Nusu ya paka ilikuwa kubwa. Niliiangalia mpaka ikaisha.