Koti la Vibanio

Saa moja na nusu asubuhi, Tabasamu ana vibanio vinne vya nguo mdomoni. Mbele yake, kwenye kigoda, ameketi mbeba mizigo wa sokoni mwenye mabega mapana kama mlango. Kwa mbele koti jeusi limemkaa vizuri. Nyuma ni habari nyingine. Limepasuliwa kwa wembe kutoka kwenye ukosi hadi pindoni, na fulana iliyolowa jasho inaonekana yote.

Kibanio kimoja kinaingia juu, viwili kiunoni. Cha nne kinashindwa na mgongo ule, kinaruka na kuangukia chini ya taa. Mbeba mizigo anataka kugeuka, lakini anaambiwa atulie, kamera haioni nyuma.

Inafuata tai, ambayo imeshafungwa zamani na ina mpira wa kupitisha shingoni. "Kaa wima. Tabasamu."

Neno hilo amelisema kwa miaka ishirini na sita, ndiyo maana hakuna tena anayemwita kwa jina lake. Mwenyewe hatabasamu. Ni mtu aliyechoka, na hajisumbui kuficha.

Studio yake ni chumba kimoja kati ya kinyozi na duka la vipuri vya baiskeli. Ina ukuta wa buluu, kigoda, taa mbili ambazo moja ni mbovu, na msumari wa kutundikia koti. Zamani aliwapiga picha watu thelathini kwa siku. Simu zikaja zikamla, na sasa siku njema ni watu sita. Hao sita nao wana simu zenye kamera. Wanachokosa ni koti.

Hili ni la nne, yaliyotangulia yalichakaa kwa kuvaliwa na mtaa mzima. Kifungo chake cha pili kilipong'oka, mkewe alikosa cheusi akashona cha kahawia, na tangu hapo kila picha ya koti hili inajulikana kwa mbali. Mwandishi wa makala haya aliingia nyumba nne za jirani, na katika sebule tatu alimkuta mwenye nyumba ukutani na kifungo cha kahawia kifuani. Wageni huketi chini ya picha hiyo, hunywa chai, huiona, na hawasemi neno. Hata kwao ipo.

"Wote wanajua, na kila mmoja anajua kwamba mwenzake anajua," anasema Tabasamu. "Lakini thubutu kuliacha. Watakuuliza, kwani wewe umekosa hata koti?"

Wahenga walisema aibu ya maiti aijuaye mwosha. Migongo ya mtaa huu anaijua Tabasamu, na kwa miaka mingi haikumnyima usingizi.

Kilichomchosha kilianza miaka minne iliyopita. Mdogo wake, mwashi, alipitia studio akitoka kazini, saruji mikononi na kofia nyekundu ya sufi kichwani. Kofia ile hakuivua hata kulala. Aliomba apigwe picha hivyo hivyo alivyo. Tabasamu alikataa. Alimwambia picha ni kitu cha kubaki, na watu watasema ana kaka mpiga picha lakini anaonekana kama kibarua aliyeopolewa shimoni. Akamvua kofia, akampangusa uso, akambana koti.

"Alicheka tu. Akasema, haya kaka, wewe ndiye unayejua."

Baada ya miezi mitano ukuta ulimwangukia kazini. Picha yake ilikuwa hiyo moja, ikasimamishwa kando ya jeneza. Mtoto wake wa mwisho, wa miaka mitatu, alinyanyuliwa ili amuage baba. Aliitazama kwa muda, kisha akawageukia watu wazima.

"Akasema, huyu si baba. Baba ana kofia." Tabasamu anafuta lenzi ambayo haina vumbi. "Watu walidhani nalia msiba. Nilikuwa nalia kwa sababu ya koti."

Tangu siku hiyo humuuliza kila mteja: kwa koti, au ulivyo? Hadi leo, waliojibu "nilivyo" ni saba. Watano kati yao walirudi kabla ya wiki kwisha kupigwa upya. Mmoja, fundi baiskeli, aliletwa na mkewe akiwa ameshikwa mkono kama mtoro wa shule.

Wiki iliyopita alijipiga picha mwenyewe, akiwa na aproni yake ya kazi na miwani inayoning'inia kwa uzi. Akaitundika sebuleni kwake, mahali pa ile ya koti. Ilikaa siku mbili. Jumamosi hii wanakuja wakwe watarajiwa wa binti yake, mara ya kwanza, na mkewe akaishusha, akaitia nyuma ya kabati.

Mwandishi alimkuta mama huyo akifua mapazia kwa ajili ya ugeni huo. Si mtu mbaya, na hakuficha kitu.

"Mume wangu mimi namjua. Wale hawamjui," alisema. "Wakimkuta ukutani na aproni, atakayesemwa ni mwanangu. Unadhani sichoki? Nachoka. Lakini kusemwa kunachosha zaidi."

Tabasamu hakubishana naye. Anasema hana nguvu za kubishana na mtu anayesema kweli.

Jioni mwandishi anamwomba picha ya kuambatana na makala haya. Anauliza gazeti litatoka lini. Ijumaa. Siku moja kabla ya wakwe kufika. Kisha mkono unakwenda msumarini wenyewe, kwa mazoea, na anaomba asaidiwe kubanwa nyuma. Kwenye kibanio cha tatu anainamisha kichwa.

"Toa, mwanangu. Toa vyote."

Analirudisha koti, anavaa aproni, anaketi kwenye kigoda alichowakalisha watu miaka yote hiyo. Mama watoto atanuna, anasema, na wakwe watasema watakalosema. Anaomba kitu kimoja, nakala moja ya gazeti ifike kwa yule mtoto wa marehemu. Sasa ana miaka saba, ameanza kusoma.

"Akilifungua asiulize mtu. Aseme mwenyewe, huyu ni baba mkubwa."

Mwandishi anainua kamera na kumwambia atabasamu.

Anatikisa kichwa. "Hapana. Nikitabasamu hatanijua."