Redio Iliyohamishiwa Darini

Sina ugomvi na maendeleo. Ugomvi wangu ni na mtu anayeng'oa kitu kinachofanya kazi ili aweke kitu kinachong'aa.

Mama yangu haoni. Anaishi Mtawanya, mimi nakaa Magomeni, mji huohuo, na kuuza kanga sokoni. Dunia ilikuwa ikimfikia kwa redio moja ya betri, yenye kifundo cha kuzungusha alichokijua kwa vidole kama anavyoijua tasbihi yake. Kila siku baada ya adhuhuri alisikiliza matangazo ya vifo. Usicheke. Mtaa mzima ulikuja kumuuliza yeye: nani kafariki, msiba uko wapi, maziko saa ngapi. Hakuwahi kukosa msiba wa mtu anayemjua.

Ndipo mdogo wangu akaja kutoka Dar na boksi, akaita na fundi.

"Dada, hizi ni taa, na humo humo ni spika. Hazina waya. Mama atakaa tu, sauti itamshukia kutoka juu."

"Na redio yake?"

"Ya nini tena? Nimempa fundi, bakshishi."

Nilizihesabu zile taa, nikarudia. Nne. Sebuleni, chumbani kwa mama, koridoni, na ya nne chooni.

"Chooni itamwimbia nani?"

"Boksi lina nne, dada. Nifanyeje?"

Nimeshindana bei maisha yangu yote. Mtu aliyeuziwa boksi namjua hata nikimkuta gizani.

Alimwachia mama na simu ya kupangusa, kioo kitupu kisicho na pa kushika, iliyounganishwa na taa. Alipofika Dar akapiga. Nikapokea, sauti yake ikatoka darini. Mama akainua uso.

"Mama, unanisikia?"

"Nakusikia, baba. Shuka basi tuongee."

Tulicheka. Ndicho kicheko pekee tulichokipata kwa taa zile.

Kesho yake nilimwekea redio kupitia simu ile. Kurani ilikuwa inasomwa. Mama akainuka kwenda chooni, akakuta inasomwa huko pia. Taa zote husema pamoja, na fundi, kwa kubana waya, alikuwa ameunga nyumba nzima, choo pamoja, kwenye swichi moja. Ukiwasha sebule umewasha choo. Mama akatoka anapapasa ukuta, kanga imemdondoka begani.

"Zima! Mwanangu, zima!"

Nikazima. Nikamwambia tutafungulia matangazo ya vifo tu, Kurani basi.

"Matangazo yanaanza na nini? Si Inna lillahi? Halafu majina ya maiti wa watu yasomwe chooni! Wamenikosea nini?"

Nikampigia mdogo wangu.

"Fundi kaenda Tandahimba," akasema. "Msimu wa korosho huu, kila mtu anajenga. Akirudi atatenganisha. Dada, mnakuza mambo."

Tunakuza mambo! Yeye choo chake cha Dar kimenyamaza, ndiyo maana ana subira. Nilimnunulia mama redio nyingine sokoni, nikaishusha bei mpaka muuzaji akaniuliza kama nyumbani kwetu huwa tunakula. Ilikuwa ya kubonyeza, stesheni unazisoma kwenye kioo. Mama akaipapasa, ikakoroma, ikazimika. Akanirudishia.

"Yangu naijua. Nitaisubiri."

Akakaa kimya, spika nne zinamtazama.

Katika kimya hicho akafa mwali mwenzake. Waliwekwa ndani pamoja, wakachezwa unyago pamoja, wakafundwa na somo mmoja. Habari ilitufikia kwa muuza mihogo, tena kwa kupitia tu, kama anayetaja mvua. Maiti alikwishazikwa, hitima imesomwa, matanga yameanuliwa.

Nilimshika mama mkono mpaka Rahaleo, nyumbani kwa marehemu. Binti wa marehemu alitupokea kwa wema, na wema wake ndio ulioniuma zaidi.

"Tulitangaza mchana, mama. Jioni tukarudia kwa ajili yako, tukasema labda mchana ulilala. Aliusia uwe miongoni mwa watakaomwosha. Maji yaliwekwa, tukakusubiri, mpaka wazee wakasema basi."

"Sikusikia," mama akasema.

Wanawake waliokaa jamvini wakatazamana. Huyu anayesikiliza kwa niaba ya mtaa mzima, eti hakusikia? Nikafungua kinywa nieleze. Nianzie wapi? Kwamba redio yake imehamia darini, na dari limeungwa na choo? Kila sentensi niliyoitunga ilisikika kama uongo wa mtu aliyeona uvivu kuja msibani. Mama akanifinya goti. Nikakifunga kinywa. Heri redio ingeibwa; ukisema mwizi, walau watu wanakuelewa.

Tukiwa njiani tunarudi, simu yangu ikaita. Mdogo wangu.

"Dada, fundi kasema wiki ijayo. Lakini taa si zinapendeza?"

Maneno ya kumjibu nilikuwa nayo, nimeyapanga makubwa mbele na madogo nyuma. Mama akanyoosha mkono. Nikampa simu. Hakupaza sauti.

"Baba, mwenzangu kaoshwa bila mimi. Mwambie fundi wako arudishe redio yangu. Na mimi nikifa, nitangazeni redioni. Msinitangaze taani."