Nilivuka Kwenda Lubunga Kutafuta Sahihi

Naandika wazi: mtu aliyeniharibia miaka yangu ya chuo kikuu ni chef wangu, mkuu wa idara. Niliingia pale na graduat tu, diploma ndogo, nikafundisha chini yake mpaka pensheni. Kila kitu nilichoandika kilipita mezani kwake. "Ngojea kidogo," alikuwa anasema, na karatasi ikazeeka pale pale. Wanajeshi wa kigeni walitupigia mabomu hapa Kisangani, nikapona. Kwa huyu papa wa idara sikupona.

Nilipotoka kazini nikaanza kuandika hadithi ya kubuni. Mama mmoja anakuta bomu limemaliza nyumba yake, umebaki mlango peke yake. Anaubeba kichwani, anatafuta pa kuusimamisha. Nilipomaliza, unajua nilifanya nini? Nikachora kwa rula nafasi ya sahihi ya chef, nikavaa koti, nikapanda mtumbwi wa Lubunga, ng'ambo ya mto, kule anakozeekea. Kumuomba ruhusa! Mwili ulikuwa umezoea.

Katikati ya mto, mama mwenye beseni ya makayabu, samaki wa chumvi, akaniuliza:

"Papa professeur, ile makaratasi yote ni ya tribunal?"

"Hapana, mama, si ya mahakama. Ni hadithi."

"Alors, soma! Tutafanya nini mupaka kule?"

Nikasoma. Pale jirani anapoomba ule mlango afanye kuni, mama wa makayabu akapiga beseni yake: "Mushenzi! Asimupatie!"

Kasia la mwenye mtumbwi lilikuwa limelala magotini, na maji yalikuwa yanatupeleka chini na mkondo, upande wa Yanonge.

"Na wewe, piga kasia!" mtu akamfokea.

"Nitapiga namna gani? Mulango ingali ku kichwa ya ule mama!"

Tukatua mbali kabisa na bandari. Hakuna aliyeshuka. Walikaa mpaka mlango wa yule mama wa hadithi ukasimama, ukafungwa, ukafunguliwa.

Mama wa makayabu akajifuta macho na pindo la kitenge. "Bon. Sasa unaipeleka wapi?"

"Kwa chef wangu wa zamani. Aseme kama ni nzuri."

"Ule chef, alikuwa humu ndani ya mutumbwi?"

Wakacheka wote, mimi kuwapita. Walishuka, mimi nikabaki nimekaa, nikageuka kutazama Kisangani. Nikatoa kalamu yangu ya bic, na pale pa sahihi yake nikaweka yangu. Mtumbwi ulitikisika, mstari ukaenda kombo, ukatoka nje ya nafasi niliyochora. Nikauacha hivyo hivyo.