Chipukizi la Linux kwa Shangazi Agnetha

Shangazi yangu Agnetha ana steshenari pale Nkwenda, na kibanja cha migomba nyuma yake. Mwaka jana kompyuta yake, tena ni moja tu, ilizeeka. Windows mpya iliikataa, ya zamani ikawa inaganda katikati ya barua za watu. Wateja wakaanza kuvuka barabara kwenda kwa Rwezaura, mwenye steshenari ya upande wa pili. Shangazi akasema ikifika Krismasi anafunga, anabaki na migomba.

Fundi Methodius akaja na flashi.

"Nakuwekea Linux badala ya Windows, mama. Bure."

"Bure! Umeiba wapi?"

"Haijaibwa."

"Methodius, hapa nachapa matangazo ya usharika. Sitaki kitu cha wizi."

Mimi nilikuwa nimetoka shule, hamu ikanishika. Nani anatengeneza kitu kizima halafu anakigawa? Methodius akanieleza. Zamani, mama yangu hajazaliwa, kulikuwa na mfumo ulioitwa Unix, mali ya kampuni huko Marekani. Baadaye watu wakataka wa namna hiyo ambao yeyote anaweza kuufungua, kuurekebisha na kumpa mwenzake. Wakaandika vipande vingi. Mwaka 1991 mwanafunzi mmoja wa Finland akaandika kiini cha kuviendesha, akakiweka wazi, maelfu wakakiendeleza. Sasa kimo hata ndani ya simu yangu! Niliigeuzageuza kama ndiyo naiona leo.

Shangazi alitazama kibanja chake nyuma ya duka. Kwetu jirani hauziwi machipukizi ya migomba. Unaomba, unachimbiwa, na wewe ukiombwa unachimba.

"Kwa hiyo ni kama migomba yangu ya nshakala," akasema, akimaanisha ile ya ndizi za kupika.

"Hasa."

"Na walioanzisha wakifa?"

"Hiyo nshakala ulipewa na nani?"

"Marehemu mama, kule Nyakatuntu." Akacheka. "Haya, weka."

Printa iligoma kwanza, Methodius akahangaika hadi chai yake ikapoa. Kisha ikachapa. Wateja wakarudi, na Krismasi ikapita duka likiwa wazi.

Mwezi uliopita Rwezaura alivuka barabara, kofia mkononi.

"Dada Agnetha, na yangu sasa inaganda. Nasikia una dawa."

Nilimkonyeza shangazi asimpe. Akavuta droo, akatoa flashi aliyoachiwa na Methodius.

"Shangazi, wateja wako!"

"Mimi nilipewa. Nimwambie nini, kwamba shina limekauka?" Akamgeukia Rwezaura. "Ila printa itakusumbua. Ukikwama niite. Nitakucheka kwanza, ndipo nikuonyeshe."

Jioni akaitwa. Kicheko chake tulikisikia mpaka ng'ambo ya barabara.