Nilisema Laini Ilikuwa Mbovu

Mwenye makosa ni mimi. Nalitanguliza hilo, maana kwa miaka mingi niliwaacha watu waamini mengine. Sasa ni mzee, na jambo hili halinipi raha, nikikaa nalo, nikisali nalo. Majina nitakayotaja nimeyabadilisha. Mengine yote ni kweli tupu.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya themanini. Nilikuwa nafanya kazi Nizwa kwa wakala wa magari na mashine za kuvutia maji. Wengi wetu pale tulikuwa Waarabu tuliorudi kutoka Afrika. Mimi nimesoma Unguja mpaka sekondari, kwa hiyo Kiingereza kilikuwa kinanitoka. Rafiki yangu Saleh, mtu wa Ibra aliyezaliwa Tabora, alikuwa fundi hodari, lakini Kiingereza hana hata cha kuombea maji. Wa tatu wetu ni Khalfan wa Sur, mdomo wake haufungwi hata akilala.

Tulipelekwa Osaka, Japani, kujifunza mashine mpya. Mafunzo yalipokwisha tukapewa siku chache za kutembea kabla ya kurudi. Yarabi, furaha ile! Watu wa mitendeni sisi, tumetupwa katikati ya mataa na matreni! Khalfan alisimama mbele ya mkahawa mmoja uliobandikwa ukutani kaa mkubwa kama gari, anachezesha miguu kwa umeme.

"Huyu angefika Sur," akasema, "tungemla mji mzima mpaka Idi!"

"Mji mzima wapi?" Saleh akamjibu. "Nyie watu wa Sur mkiona cha baharini hata salamu hamjibu. Ungemla peke yako, na umeme wake!"

Mimi ndiye niliyekuwa ulimi wao. Nani atauliza njia? Mimi. Nani atauliza kama chakula kina nguruwe? Mimi. Hata hoteli, chumba chetu kiliandikwa kwa jina langu, na namba ya simu ya hoteli hiyo Saleh alikuwa amemwachia dada yake, Zuwena, kule Ibra. Zuwena ndiye aliyekuwa akikaa na mama yao, Bi Aziza, mtu mzima sana. Baba yao alikufa zamani. Saleh hakuwa na mtu duniani anayempenda kuliko mama yule.

Jioni moja Saleh na Khalfan walitoka kutafuta matunda. Simu ikalia chumbani. Nikapokea. Zuwena huyo, anapiga kutoka dukani kwa jirani yao.

"Shikamoo, kaka. Saleh yupo?"

"Marahaba, dada. Katoka kidogo. Kuna nini?"

"Kheri. Mama hajambo kidogo. Mwambie tu asikawie."

Sisi tunajuana. Mtu aliye ugenini hapigwi na habari mbaya usoni. Huambiwa mgonjwa hajambo kidogo, naye akajua la kufanya. Mimi nilijua palepale. Lakini nilinyamaza, na yeye akaogopa kuwa labda sikumuelewa, basi akauvunja mwiko ule, akasema wazi:

"Kaka, mama hali, hanywi. Anamwita Saleh. Akitaka kumkuta aondoke kesho. Umenisikia?"

"Nimekusikia."

"Umenisikia vizuri?"

"Vizuri, dada. Nitamwambia."

Ndugu zangu, laini ilikuwa safi! Nilisikia mpaka jirani anamwambia asilie.

Nikakaa kitandani. Saleh hawezi kusafiri peke yake, maana ndege ilikuwa ya kubadilisha njiani, na asiyejua lugha angepotea. Wa kumsindikiza ni mimi. Na kesho yake ndiyo tuliyopanga kwenda kuona ngome ya kale ya mji na kupanda mnara, halafu treni ile ya kasi ambayo nilikuwa nimeisoma kwenye magazeti na kuiota. Nikimwambia, yote yamekufa. Nikajidanganya: wanawake wana hofu. Wazee huugua wakapona. Kesho tutembee, jioni nitamwambia.

Wakarudi na matunda. Tukala, tukacheka. Sikusema.

Siku ya pili tukaenda ngomeni. Mawe makubwa, maji yameizunguka, bustani imefagiwa utadhani zulia. Juu ya mnara Saleh alikitia kipaji cha uso kwenye kioo, akaangalia nyumba zisizokuwa na mwisho. "Lau mama angeliona hili!" akasema. "Angesema, mwanangu, uongo!" Khalfan akampiga picha yuko vile, kageuka, anacheka meno yote nje.

Kutoka hapo tukaingia duka moja la ghorofa nyingi. Saleh akachagua chupa ya chai yenye maua mekundu, akanivuta mkono.

"Muulize huyu dada. Kahawa ya alfajiri itafika alasiri na moto wake? Mama hapendi kahawa ya uvuguvugu."

Nikauliza. Muuzaji akainamisha kichwa, akasema ndiyo. Nikatafsiri. Kwa mdomo wangu huu!

Jioni ikafika. Ndipo nikaona mtego niliojitegea. Nikimwambia sasa, ataniuliza, jana ulikuwa wapi? Nikaahirisha tena. Keshoye tukapanda treni ya kasi. Nakuapieni, sikumbuki hata rangi ya viti.

Tukarudi siku ileile iliyoandikwa kwenye tiketi. Uwanja wa ndege wa Sib alikuja kutupokea shemeji yake Saleh, mume wa Zuwena. Hakucheka. Akamkumbatia Saleh, hakumwachia.

"Allah akupe subira. Mama tumemzika jana."

Alikuwa amekufa usiku wa kuamkia jana hiyo. Tungaliondoka asubuhi ile baada ya simu, angalimkuta, angalimshika mkono, angalimsikia. Jambo hilo halina mjadala.

Ibra, matanga yalikuwa hayajesha. Wanaume wamejaa barazani. Saleh akaifungua ile chupa ya chai, mpya, ina karatasi zake bado, akaagiza itiwe kahawa ya wageni. Na mimi nikamiminiwa. Nikanywa! Ilikuwa ya moto.

Baadaye tukaingia ndani, Saleh, Zuwena, mumewe na mimi. Saleh akamuuliza dada yake, "Hukuniita kwa nini?"

"Nilipiga simu," Zuwena akasema. "Nimesema na kaka huyu."

Wote wakanigeukia. Na mimi, badala ya kusema neno moja la kweli, nikasema: "Laini ilikuwa mbovu. Inakatakata. Nilisikia salamu tu."

Zuwena alifungua mdomo. "Lakini ulini..." Kisha akavuta kanga akajifunika uso.

Saleh akapasuka: "Ungepiga tena! Simu moja ndiyo haki ya mama? Ungepiga mpaka uone!"

Mume wa Zuwena akamtuliza. Mimi nikaangalia mkeka.

Kuanzia siku hiyo Saleh akawa anamsalimu dada yake kama anavyosalimu jirani wa mtaa wa mbali. Idi haendi kwake. Watoto wa Zuwena walioa na kuolewa, mjomba anakuja kama mgeni, anakula wali, anaondoka. Na mimi niko pale pale, rafiki wa chanda na pete, naambiwa, "Wewe ndiye ndugu yangu niliyebaki naye." Fikirini! Sentensi moja tu ingewarudisha pamoja, na nilikuwa nayo mdomoni miaka yote hiyo.

Nilikuwa siwezi kupokea simu. Ikilia nyumbani namwachia mke wangu. Mtu akiniambia "umenisikia?" hata mtoto anayeomba peremende, nageuza uso. Na ile picha ya mnarani Saleh aliitundika sebuleni. Kila mgeni humwonyesha: "Siku niliyofurahi kuliko zote." Mimi najua mama yake alikuwa katika hali gani saa ile anacheka.

Miaka mingi baadaye nilikwenda kumwangalia Zuwena, mgonjwa, kalala. Mumewe alipotoka kuleta halwa, Zuwena akaniambia taratibu, hana hata hasira:

"Mimi nilikusikia vizuri siku ile, kaka. Kama uko chumba cha pili."

Nikaangalia mlangoni.

"Sikutaka kukuaibisha mbele ya msiba. Nikasema, atasema mwenyewe. Nimengoja."

Nikamuahidi. Nikasema Ijumaa nitakwenda kwa Saleh. Sikwenda! Niliogopa. Zuwena akafa, na kaka yake kasimama kaburini amekunja uso.

Baada ya hapo ndipo nilipokwenda. Lakini Saleh naye alikuwa ameanza kupotea. Mwanawe alinionya mlangoni: "Ami, leo anakumbuka, kesho hakumbuki." Nikasema ni lazima. Nikakaa mbele yake nikamweleza yote, simu, mnara, uongo wangu, na dada yake asiye na hatia. Nililia kama mtoto.

Alinisikiliza vizuri sana. Kisha akaniuliza: "Mama ananiita?"

"Alikuita, Saleh. Zamani."

Akainuka, anapapasa chini kutafuta viatu. "Basi tumekaa nini? Twende. Tutamkuta."

Mwanawe akamkalisha. Nimerudi mara nyingi tangu hapo, namwambia tena, na kila nikimwambia anainuka.

Enyi mnaosoma, ukipewa neno la mtu, si lako. Mfikishie saa ileile, hata kama litakuharibia safari, hata kama litakuharibia kila kitu. Na kama tayari umekosa, nenda leo, angali ana nguvu za kukutukana na kukufukuza. Mimi nilikwenda tayari kwa matusi yote. Saleh hanitukani. Ananiuliza tu gari iko wapi.